Kumlisha Mtoto wa Mwaka 1 Hadi 3 na Kumtengea Mahali pa Kucheza Nyumbani: Mwongozo Kamili

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miezi 15, kula kwake kuligeuka mbio. Yeye mbele, mimi nyuma na bakuli, kutoka sebuleni mpaka chumbani. Nikimkamata anabana mdomo. Kijiko kikipenya, anatema. Nikabadilisha mapishi, nikaimba, nikawasha televisheni ili asahau anachokula, na usiku nilipolala nilikuwa bado nahesabu vijiko vilivyoingia.

Siku niliyoshika daftari na kuandika kila alichokula na kila alichofanya ndipo nilipoona. Alipewa maziwa kila alipolia, hivyo hakuwahi kukaa kula akiwa na njaa. Na kutwa nzima alikuwa amewekwa: kwenye kiti, kitandani, mgongoni, mbele ya televisheni, kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na kona hata moja ambayo angeshika kitu bila kusikia "acha!" Mtoto wa namna hiyo hachoki, na asiyechoka njaa humchelewa. Tena mikono iliyokatazwa kila mahali huenda kufanya majaribio yake kwenye bakuli la chakula.

Kwa sababu hiyo nayaweka mambo haya mawili pamoja. Kazi ya mlezi katika chakula na katika mchezo ni ileile: kupanga vizuri mapema, kisha kumwachia mtoto sehemu yake.

Hatua ya 1: Andika siku mbili kabla ya kubadilisha chochote

Andika saa, alichokula au kunywa, kiasi cha kukisia, na alikuwa akifanya nini kabla ya hapo. Andika pia vile vidogo ambavyo hatuvihesabu: biskuti aliyopewa anyamaze, maji ya matunda, maziwa ya usiku wa manane, tonge alilolishwa na ndugu aliyekuwa anakula chake. Pembeni andika muda aliokaa amefungwa kitini au amebebwa, na muda aliotembea na kushika vitu kwa hiari yake. Usijisahihishe katika siku hizo. Unataka picha ya kweli.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini hamu ya kula imepungua

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufikisha kama kilo 9 akitimiza mwaka. Uzito umekuwa mara tatu ndani ya miezi 12. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 3 tu. Mwili uliopunguza kasi ya kukua haudai chakula kwa pupa ile ya uchanga, na kiasi anachokula hupanda na kushuka siku hadi siku. Leo anakula akaomba tena, kesho anaonja mara mbili na kusukuma sahani. Ukimpima kwa mlo mmoja utaogopa bure. Mpime kwa wiki nzima.

Anza kumpakulia kidogo. Kipimo chepesi kukumbuka ni kijiko kimoja cha mezani cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri wake, halafu aongezwe akitaka. Sahani iliyojaa humlemea mtoto mdogo kabla hajaanza, na humfanya mlezi aone kilichobaki badala ya kilicholiwa.

Hatua ya 3: Gawaneni kazi

Mlezi anaamua chakula gani kinaandaliwa, saa ngapi, na mahali gani kinaliwa. Mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Mgawanyo huu ukishaeleweka na kila mtu anayemlisha, bibi na babu wakiwemo, ugomvi mwingi huisha wenyewe. Ugomvi huzaliwa pale mmoja anapoingilia zamu ya mwenzake: mzazi anapolazimisha tonge la mwisho, au mtoto wa miaka miwili anapoachiwa achague mlo wa nyumba nzima.

Wasiwasi wa wazazi wengi ni kwamba wakimwachia mtoto aamue kiasi, atadhoofika. Mwaka 1926 daktari wa watoto Clara Davis alianza jaribio nchini Marekani kwa watoto waliokuwa wametoka tu kuachishwa ziwa. Waliwekewa vyakula mbalimbali, nao wakachagua wenyewe bila mtu kuwasihi. Hatimaye watoto walifika 15 na orodha ya vyakula ilikuwa na aina 34. Milo yao ilikuwa ya ajabu, maini na maji ya machungwa asubuhi, mayai na ndizi na maziwa jioni, lakini walikua vizuri. Katika taarifa yake ya mwaka 1939 Davis alieleza wazi kwamba siri ilikuwa kwenye orodha yenyewe, iliyojaa vyakula halisi visivyotiwa sukari wala kukobolewa. Watoto walichagua kwa uhuru kwa sababu mtu mzima alikuwa amepanga vizuri kabla yao. Mimi mfano huo ulinituliza kuliko ushauri wowote niliopewa.

Hatua ya 4: Panga saa za kula, na uzilinde

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa umri huu ale milo 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na vitafunwa vyenye lishe mara 1 au 2 akihitaji. Kati ya kula na kula ziache saa mbili na nusu hadi tatu. Katikati hapo mpe maji tu.

Hapa ndipo maziwa yanapoharibu mpango. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanashibisha haraka na yana madini machache sana ya chuma. Mtoto anayekunywa maziwa ya ng'ombe kwa wingi hula kidogo na anaweza kupungukiwa damu. Yasizidi takriban mililita 500 kwa siku, yanywewe kwa kikombe, na yaje pamoja na chakula au baada yake. Kama bado ananyonya, endelea. Unyonyeshaji unapendekezwa hadi miaka 2 na zaidi. Sogeza tu muda wa kunyonya uwe baada ya mlo.

Siku tatu za mwanzo ni ngumu. Atalilia biskuti saa nne, na moyo utakuuma. Mkumbatie, mpe maji, mtoe nje kidogo, mwambie chakula kinakuja. Usimwache na njaa kama adhabu. Kama umeona saa zimekuwa mbali mno kwake, sogeza saa ya kitafunwa kwa siku zote na usitoe kwa sababu ya kilio.

Hatua ya 5: Jaza sahani kwa akili

Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo kila tonge libebe kitu. Kila mlo uwe na chakula cha kutia nguvu, chakula cha kujenga mwili kama yai, nyama, samaki, maharage au dengu, na mboga au tunda. Jitahidi rangi zibadilike ndani ya siku.

Madini ya chuma ndiyo ninayoyasisitiza kuliko yote. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji kama miligramu 7 kwa siku, na tumbo hilo dogo halifikii kiasi hicho kwa uji mtupu na maziwa. Nyama na samaki huyatoa kwa namna ambayo mwili huyachukua kwa urahisi. Ya kwenye maharage na mboga za majani huchukuliwa vizuri zaidi yakiliwa na kitu chenye vitamini C, kama nyanya mbichi au kipande cha chungwa. Chai hufanya kinyume: huzuia madini hayo yasinyonywe, na mtoto mdogo hana haja nayo.

Usimpunguzie mafuta chini ya miaka 2, kwani ubongo unakua kwa kasi na unayahitaji. Sukari ya kuongeza na vinywaji vitamu aviepuke kabisa katika umri huo. Chumvi iwe kidogo. Toa chakula chake chunguni kabla hujaongeza ya wakubwa.

Hatua ya 6: Mwache ajilishe

Mkalishe wima, miguu ikiegemea kitu. Miguu inayoning'inia humchosha, naye huanza kujinyonganyonga. Kama mnakula chini, akae chini nanyi. Kuleni pamoja kila inapowezekana: mtoto anayeona wenzake wanatafuna anajifunza zaidi ya yule anayelishwa peke yake huku watu wazima wakimtazama mdomoni. Televisheni na simu vizimwe, kwa wote.

Mpe vipande laini anavyoweza kushika na kijiko kifupi cha kwake. Wewe uwe na cha kusaidia, umnyooshee na kusubiri afungue mdomo. Atachafua. Tandika kitu cha kufutika chini ya kiti, mvue shati, na uikubali fujo hiyo kama sehemu ya kujifunza, maana kidole kinachoponda kiazi kinachunguza kabla ulimi haujakubali.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Akigeuza uso, akifunga mdomo, akirusha chakula au akitaka kushuka, amemaliza. Sema "umeshiba," mnawishe, ashuke. Usimfuate na bakuli. Mlo unaofuata hauko mbali.

Hatua ya 7: Anapokataa chakula kipya

Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huingia kipindi cha kuogopa vyakula wasivyovijua, na hata walivyokuwa wakivipenda. Si ukaidi, wala si kwamba umeshindwa kulea. Chakula kipya mara nyingi huhitaji kuonwa na kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijazoeleka, wakati wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu au nne.

Weka kiasi kidogo, cha ukubwa wa punje ya mbaazi, kando ya chakula anachokipenda. Usimsihi. Akigusa, akinusa au akilamba na kutema, hesabu hiyo ni hatua. Kirudishe baada ya siku mbili, labda kwa umbo jingine. Na kila mlo uwe na angalau kitu kimoja unachojua anakula, ili asiondoke mtupu nawe usilazimike kupika mara ya pili.

Usimwahidi kitu kitamu ili amalize mboga. Atajifunza kwamba mboga ni adhabu na kitamu ni zawadi.

Hatua ya 8: Zuia kupaliwa

Zabibu na nyanya ndogo zikatwe kwa urefu, mara nne. Soseji vivyo hivyo, usikate duara. Karoti ipikwe au ikwanguliwe. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisubiri mpaka miaka 4 au 5. Siagi ya karanga ipakwe nyembamba. Samaki mchambue kwa vidole vyako, maana macho peke yake hukosa miiba. Ale akiwa amekaa, kamwe asile akikimbia au akicheza, na mtu mzima awe karibu.

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kutoa sauti au kupumua, mwinamishe mbele na umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mtu akiita msaada. Maelezo haya ni kwa aliyetimiza mwaka. Mtoto mchanga ana utaratibu wake. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza ujifunze kwa vitendo, pamoja na kila anayemlea mtoto wako.

Hatua ya 9: Tenga mahali pa kucheza

Huhitaji chumba. Eneo la mkeka mmoja linatosha, na katika nyumba ya chumba kimoja mkeka huohuo unaweza kutandikwa asubuhi na kukunjwa jioni. La lazima ni kwamba ndani ya eneo hilo hakuna kitu kitakachokulazimisha kusema "usiguse". Chagua mahali unapomwona ukiwa kwenye kazi zako, lakini mbali na jiko. Mtoto wa umri huu hachezi sana mahali asipomwona mtu wake. Ukimtengea kona nzuri mwisho wa nyumba, ataiacha akufuate miguuni.

Kisha piga magoti, utazame kwa kimo chake. Kabati na rafu zifungwe ukutani kwa skrubu, kwani atavuta droo na kupanda. Nyaya na kamba za mapazia ziinuliwe. Dawa, sabuni za kufulia na mafuta ya taa vikae juu na vifungwe. Kitu chochote kinachopita kwenye kile kirija cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Betri ndogo za mviringo, zile za rimoti na saa, ziogope kuliko zote: ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukishuku amemeza, nenda hospitali hapohapo, usisubiri dalili.

Hatua ya 10: Weka vitu vichache

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwatazama watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wakicheza, mara wakiwa na vitu 4 vya kuchezea, mara wakiwa na 16. Walipokuwa na 4, walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa njia nyingi zaidi. Mimi nilishuhudia hilo kwangu siku nilipoficha nusu ya midoli: mtoto aliyekuwa akirukaruka kutoka kitu hiki hadi kile alikaa na boksi na vijiko mpaka nikaenda kuchungulia kama yu salama.

Gawa vitu vyake katika mafungu matatu. Fungu moja liwe nje, mawili yafichwe, ubadilishe kila wiki au unapoona amechoshwa. Vingi havihitaji kununuliwa: sufuria na mfuniko wake, vijiko vya mbao, vikombe vya plastiki vinavyoingiana, vipande vya kitambaa, maboksi, kikapu cha kujaza na kumwaga. Ongeza kitu cha kubeba kizito kidogo na cha kupanda, hata godoro lililolazwa chini. Hivi viwili vinachosha mwili, na mwili uliochoka ndio unaouliza chakula.

Kumwaga kunastahili nafasi yake. Mtoto anayemwaga maji mezani ana swali kuhusu maji. Mpe beseni lenye maji kidogo na vikombe viwili, wewe ukiwa umekaa pembeni mwanzo hadi mwisho. Sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto, kwa hiyo mkimaliza mwaga papo hapo na ulipindue beseni. Kwetu, baada ya wiki ya mchezo huo kila asubuhi, kikombe cha mezani kilianza kubaki wima.

Hatua ya 11: Cheza naye, kisha mwachie

Mara mbili kwa siku kaa naye chini dakika 10 au 15, simu ikiwa mbali. Mfuate anakoenda. Akipanga vikombe juu chini, usivigeuze. Daktari Emmi Pikler, aliyeongoza makao ya watoto mjini Budapest kuanzia mwaka 1946, alijenga malezi yake juu ya jambo hilo: mtu mzima aandae mazingira salama na kumhudumia mtoto kwa upole, mchezo wenyewe aufanye mtoto. Unaona ni mgawanyo uleule wa mezani.

Akija mtoto mwingine, usishangae wakicheza bega kwa bega bila kushirikiana. Mildred Parten aliueleza mchezo huo sambamba tangu mwaka 1932, na ni wa kawaida katika umri huu. Weka vikombe viwili, mipira miwili, kushirikiana kutakuja.

Hatua ya 12: Unganisha siku nzima

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 yanataka mtoto wa umri huu awe na angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikigawanywa, asifungwe kitini au kubebwa zaidi ya saa moja mfululizo, na kati ya mwaka 1 na 2 alale saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Skrini haipendekezwi kwa mtoto wa mwaka mmoja. Wa miaka miwili isizidi saa moja.

Kwetu mpango uliotulia ulikuwa huu: staftahi saa 1 asubuhi, kisha mchezo wa nguvu, nje ikiwezekana. Kitafunwa saa 3 na nusu, halafu mchezo wa mkekani. Chakula cha mchana saa 6, kabla usingizi haujamshika, maana mtoto mwenye usingizi hataki kula. Akiamka, kitafunwa saa 9, mchezo tena, na chakula cha jioni saa 12. Dakika kumi kabla ya kila mlo tulipunguza kasi: tunarudisha vitu kikapuni, tunanawa mikono. Kunawa huko kukawa ishara yake. Wiki ya tatu alikuwa anakwenda bombani mwenyewe akinusa chakula.

Wakati wa kumwona daktari

Mpeleke akipungua uzito au asipoongezeka kwa miezi kadhaa, akikohoa au kupaliwa karibu kila anapokula, aina za vyakula anavyokubali zikizidi kupungua badala ya kuongezeka, au akiwa amepauka na mchovu. Anayekula udongo apimwe damu, kwani mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Vivyo hivyo ambaye hajatembea kufikia miezi 18, au aliyeacha kufanya jambo aliloliweza.

Nenda na kadi yake ya kliniki na lile daftari la siku mbili. Daktari akiuliza anakula nini, mpe asome mwenyewe.